Viitikio Vilivyofutwa: Kikao cha Kuchagua Vyombo vya Podikasti ya Kamiya-suji

UMOJA WA WENYE MADUKA WA MTAA WA KAMIYA-SUJI, MIHARA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 212

Tarehe: Jumatano, 13 Novemba 2024 (siku ya mapumziko ya maduka)
Mahali: Ghorofani, duka la vifaa vya kuandikia la Hirotani
Muda wa kuanza: Saa nane kamili mchana

Waliohudhuria:
1. Bw. Sumida Kōhei, duka la miwani, Mwenyekiti
2. Bi. Hirotani Fusae, vifaa vya kuandikia, Katibu
3. Bw. Doi Masato, mgahawa wa tambi za udon, fundi wa sauti wa Umoja
4. Bw. Mukai Tetsuo, pweza mkavu, Mjumbe
5. Bi. Okusako Tomiko, duka la tofu, Mjumbe
6. Bi. Katsutani Yasuyo, kinyozi, Mjumbe kwa nafasi ya marehemu mumewe

Wasiohudhuria kwa taarifa: Bw. Ikenaga wa viatu (goti).
Wasiohudhuria bila taarifa: Hakuna. Katika mtaa huu mtu haachi kuja bila kusema.

KUMB. NA. 1/11/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaomba wajumbe wasimame kumkumbuka Bw. Katsutani Shigeru, kinyozi, aliyefariki ghafla tarehe 30 Septemba akiwa na miaka sabini na saba. Wajumbe walisimama. Bi. Katsutani aliomba radhi kwa kusumbua watu wasimame, akagawa machungwa ya kwao aliyokuja nayo.

Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda kubwa ni moja: kuamua programu na vyombo vya kutengenezea podikasti ya Umoja, "Chini ya Paa la Kamiya", kwa kuwa muda wa majaribio wa programu ya sasa unaisha. Alikumbusha kwamba hakuna mtaa mwingine wa maduka katika mji huu wenye podikasti, na kwamba barua ya pongezi kutoka ofisi ya mji bado imebandikwa kwenye kioo cha duka lake, yeyote anaweza kwenda kuisoma. Bw. Mukai alisema ameshaisoma mara nne, kila anapopita analazimishwa.

KUMB. NA. 2/11/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 211

Katibu alisoma kumbukumbu za tarehe 25 Septemba, pamoja na taarifa ya kipindi cha kwanza kilichorekodiwa Jumamosi tarehe 21 Septemba, ambacho Bi. Okusako alisimulia habari za mwaka wa mafuriko.

Bw. Mukai alipinga sentensi isemayo kwamba wakati wa kurekodi yeye "alifumba macho kwa muda wa dakika ishirini". Alieleza kwamba alikuwa anatafakari. Katibu alieleza kwamba ameandika macho tu, hakuandika usingizi. Bw. Mukai alisema, "Dada Fusae, wewe kalamu yako ina ulimi." Baada ya majadiliano, ilikubaliwa iandikwe kwamba Bw. Mukai "alifumba macho akitafakari".

Hapakuwa na marekebisho mengine. Sentensi ya mwisho ya taarifa hiyo, "Bw. Katsutani alikuwepo, hakusema kitu", ilisomwa na kupita bila maoni. Kumbukumbu zilithibitishwa na kugongwa mihuri.

KUMB. NA. 3/11/2024: YATOKANAYO: MALALAMIKO YA BI. OKUSAKO

Mwenyekiti alieleza kwamba kipindi kilisafishwa kwa programu iitwayo Sumikoe, kikazungushwa kwa wanachama wote mwezi Oktoba ndani ya kabrasha la mzunguko ili kila duka lisikilize na kugonga muhuri. Kabrasha lilirudi na mihuri ishirini na mitatu kati ya maduka ishirini na matatu. Ndipo kipindi kikatolewa kwa umma tarehe mosi Novemba.

Bi. Okusako alipewa nafasi. Ana miaka themanini na minne na husimama anapozungumza, hata akiombwa akae. Alisema kwamba yeye mwenyewe hakukisikiliza kabla ya kugonga muhuri, kwa kuwa kabrasha lilifika akiwa anakamua maharage ya soya ya kutengenezea tofu, akagonga ili lisikae kwake likamchelewesha jirani. Alikisikia mara ya kwanza kwenye foleni ya kliniki ya macho, kwenye simu ya mama mmoja asiyemfahamu. Kwa ombi lake maneno yake yanaandikwa kama yalivyotoka:

"Yule mama akaniuliza, bibi, hawa watu walikuwa wamekukosea nini? Mbona unaongea wenzako wamekununia? Nikasikiliza. Kweli. Naeleza maji yalivyoingia, kimya. Naeleza nilivyofungua kisima changu, kimya. Hata mtu wa kusema kumbe hakuna. Nilijisikia kama redio iliyosahauliwa kuzimwa. Mimi nimewauzia tofu baba zenu. Kama mlikuwa hamtaki kunisikiliza, mngesema tu, nikabaki na maharage yangu."

Alitangaza kwamba ameondoa muhuri wake kwenye kabrasha na kwamba hatarekodi tena. Alikaa.

Mwenyekiti alimhakikishia kwamba wote walimsikiliza kwa makini. Bi. Okusako alisema, "Basi hayo makini mliyaficha wapi?"

Mwenyekiti aliuliza, kwa kumbukumbu tu, ni nani kati ya wajumbe alisikiliza kipindi kizima kabla ya kugonga muhuri. Bw. Mukai alisema yeye hugonga kwa sababu aliyetangulia amegonga. Bw. Doi alisema alidhani Katibu amesikiliza. Katibu alikiri kwamba alidhani Mwenyekiti amesikiliza. Mwenyekiti alisema alisikiliza mwanzo, ile sehemu yake ya kukaribisha, na ilikuwa nzuri sana. Kikao kilikubaliana kwamba mihuri ishirini na mitatu iligongwa na hakuna sikio hata moja.

KUMB. NA. 4/11/2024: TAARIFA YA FUNDI KUHUSU PROGRAMU

Bw. Doi, ambaye kabla ya kurithi mgahawa alikuwa akipiga video za harusi na ndiye pekee mtaani anayejua kuhariri sauti, aliinama mbele ya Bi. Okusako akaomba radhi. Kisha alieleza kilichotokea.

Sumikoe ina kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa "Safisha vyote". Ukikibonyeza, programu inamtambua mzungumzaji mkuu na kufuta kila kinachomwingilia: feni, kikohozi, kikombe kikiwekwa mezani, na sauti yoyote fupi ya mtu mwingine. Vilevile hufupisha kila kimya. Kwa namna hiyo kipindi cha dakika hamsini na nane kilitoka na dakika thelathini na nne. Bw. Doi alisema viitikio vyote, kila "enhe", kila "naam" na kila "kumbe" waliyomwitikia Bi. Okusako, vilihesabiwa ni uchafu.

Bw. Mukai alisema, "Kwa hiyo tulilipa watu waje kututoa adabu." Aliongeza kwamba yeye alishauri tangu Julai kitumike kinasa sauti cha marehemu baba yake, akanyamazishwa. Mwenyekiti alisema kinasa hicho kinatumia kanda, na kanda haziuzwi tena. Bw. Mukai alisema yeye anazo sita. Katibu aliomba warudi kwenye ajenda.

Mwenyekiti aliitetea Sumikoe kwa hoja tatu: kwamba sauti yake ni safi kama ya redio; kwamba wasikilizaji wako kwenye treni na hawana dakika hamsini na nane; na kwamba ofisi ya mji ilisifu. Bw. Doi alisema kwa heshima kwamba programu siyo mbaya kwa mtu anayezungumza peke yake. Alisema kosa ni lake, angepaswa kusikiliza baada ya kubonyeza.

Bi. Katsutani, ambaye hakuwa amesema neno tangu machungwa, aliomba nafasi. Alianza kwa kusema jambo lake ni dogo na linaweza kusubiri kikao kijacho. Katibu alimwambia aseme. Alisema:

"Jumapili hii ni siku ya arobaini na tisa ya msiba wa baba watoto, siku ya kumwombea. Watoto wanakuja kutoka Okayama. Nilifikiri nitawasikilizisha hiki kipindi, maana siku ile alikuwepo, alikaa kulia kwa Mama Okusako. Nimekisikiliza mara tatu. Hayupo. Nikajiambia labda masikio yangu. Mimi sina sauti yake mahali popote. Simu ya dukani nilikuwa napokea mimi, salamu za mwaka mpya nilikuwa nazisema mimi. Miaka hamsini na mmoja tumesimama viti viwili, yeye anakata, mimi nanyoa ndevu, na watu walikuwa wanasema kwa Katsutani unakatwa nywele na unasikilizwa. Nilitaka wamsikie tu akisikiliza. Lakini kama haiwezekani, haiwezekani. Samahanini."

Katibu anaona ni haki kuandika kwamba yeye mwenyewe alilazimika kutafuta kitambaa.

Bw. Doi alieleza, akiangalia chini, kwamba siku ile vipaza sauti vya kubana kwenye kola vilikuwa vinne na watu mezani walikuwa watano. Marehemu alivua chake akampa Bw. Mukai, akisema, "Chukua wewe, mimi sina la kusema." Kwa hiyo sauti yake haikuwa na chombo chake. Kama ilinaswa popote, iliingia kwa mbali kwenye kipaza cha Bi. Okusako, na hiyo ndiyo sauti ambayo programu huifuta kwanza kabisa.

Bw. Mukai alisema hakujua kwamba ndicho kilikuwa kipaza chake cha mwisho.

Bi. Okusako aliuliza kama kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Bw. Doi alisema rekodi ghafi ziko kwenye hifadhi ya Sumikoe, na hukaa huko siku sitini tu, kisha hufutwa zenyewe. Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Zilibaki siku saba. Aliongeza kwamba kuzifungua kunahitaji nenosiri, na nenosiri analo Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisema liko dukani, nyuma ya ile barua ya pongezi. Alishuka ngazi mwenyewe. Kikao kilisimama kwa dakika kumi na mbili, machungwa yakaliwa.

KUMB. NA. 5/11/2024: KUSIKILIZA REKODI GHAFI

Mwenyekiti alirudi akiwa na karatasi na akiwa hana barua. Alieleza kwamba gundi ilikuwa kali na barua imechanika. Bw. Mukai hakusema kitu, na Katibu anaiweka hiyo kwenye kumbukumbu kwa kuwa ni mara ya kwanza.

Bw. Doi alifungua rekodi kwenye kompyuta yake kwa programu ya bure anayoitumia mgahawani kuhariri matangazo, bila kubonyeza chochote, akaweka spika katikati ya meza. Kikao kilisikiliza dakika zote hamsini na nane. Yafuatayo yalisikika:

Feni ya Katibu, ambayo inahitaji mafuta. Vikombe. Bi. Okusako akisimulia, na chini ya sauti yake watu. Mwenyekiti akisema "kumbe, kumbe" mahali pasipo na cha kushangaza. Katibu akisema "ee jamani" mara nyingi kuliko alivyodhani. Dakika ya thelathini na moja, mkoromo mrefu, kisha mwingine. Bi. Okusako alisema, "Huyo Mukai. Afadhali, kumbe kulikuwa na watu." Bw. Mukai alisema anatafakari kwa sauti. Katibu hakuomba radhi kwa KUMB. NA. 2 na haombi hapa.

Na kulia kwa Bi. Okusako, kwa mbali lakini wazi kwa anayeijua, "enhe". Nene, ya polepole, kama mtu anayeshikilia kichwa cha mteja kisitikisike. Tena, "enhe". Tena.

Bi. Katsutani alisema, "Ndiye." Alinyoosha mgongo akakaa vile anavyokaa dukani mlango unapofunguliwa.

Dakika ya arobaini na tatu, Bi. Okusako anasimulia siku ya tatu bila maji ya bomba, foleni ya ndoo mbele ya kisima chake, na jinsi Katsutani alivyobeba kiti chake cha kinyozi hadi uani kwake, akawaosha nywele bure watu wote waliotoka kuchimba tope, kuanzia asubuhi hadi mikono ikakunjamana. Hapo kwenye rekodi marehemu anakohoa, kikohozi cha mtu anayesifiwa akiwepo. Kisha Bi. Okusako anataka kumtaja mtoto wa kwanza kuoshwa, na jina linampotea. Kimya. Bw. Doi alipima baadaye: sekunde tisa. Katika kipindi kilichosafishwa kimya hicho hakipo, na Bi. Okusako anaonekana kuruka tu kutoka jambo moja hadi jingine kama mtu aliyechanganyikiwa. Katika rekodi ghafi, baada ya zile sekunde tisa, sauti inasema pole pole, "Enhe." Na Bi. Okusako analikumbuka jina.

Bi. Okusako aliomba irudishwe nyuma. Ilirudishwa. Alisimama, akasema:

"Mnaona? Siku ile nilishaona aibu, nilitaka kusema basi, tuishie hapo. Hii ndiyo iliyonirudisha. Hakunihimiza, hakunitajia jina, na jina alikuwa analijua vizuri, mtoto mwenyewe alimwosha yeye. Aliniachia nilipate mwenyewe." Alimgeukia Bi. Katsutani: "Yasuyo, mwanangu, mume wako alikuwa na adabu ya watu kumi. Na mimi nilikwenda kliniki nikadhani nimenuniwa."

Bi. Katsutani alisema ahsante sana, mara mbili. Kisha akasema, "Dukani alikuwa hivyohivyo," na katika miaka yote Katibu hajawahi kumsikia akisema jambo kwa majivuno kiasi hicho.

Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba kosa halikuwa la Bw. Doi. Bw. Doi alimwuliza mara mbili siku ile kama wasikilize kwanza, na yeye Mwenyekiti ndiye aliyeshika kipanya na kubonyeza, kwa kuwa alitaka kipindi kifike ofisi ya mji kabla ya mtaa mwingine kuwahi. Alisema, "Nilitaka tusikike kama redio. Sasa nimesikia, sisi ni bora kuliko redio." Wajumbe walipiga makofi. Bw. Mukai alipiga pia.

KUMB. NA. 6/11/2024: MAAMUZI

Baada ya majadiliano mafupi kuliko kawaida, kikao kiliazimia:

(a) Umoja hautaendelea na Sumikoe. Itatumika programu ya bure ya Bw. Doi, na sauti itakatwa kwa mkono na kwa sikio, kikohozi baada ya kikohozi. Kitakachofutwa kiulizwe kwanza kwa mwenye nacho. Viitikio havifutwi.

(b) Vipaza vinne vya kola virudishwe kwenye boksi. Kitanunuliwa kipaza kimoja cha kuweka katikati ya meza, kinachosikia pande zote sawa, ili asiwepo tena mtu wa kumpa mwenzake chake. Bw. Doi alisema chini yake uwekwe mto mnene, meza ikigongwa isisikike. Bi. Katsutani alitoa mto wa benchi la wateja. Ulipokelewa kwa mikono miwili.

(c) Kipindi kilichotolewa kiondolewe leo, na kitolewe upya kikiwa na dakika zote hamsini na nane. Mwenyekiti alisema wa kwenye treni washuke nacho, wamalizie wakitembea. Bw. Mukai aliomba dakika ya thelathini na moja ifikiriwe. Ilifikiriwa. Itabaki. Alikubali kwa sharti kwamba aandikwe ndiye aliyependekeza kinasa sauti tangu Julai. Ameandikwa.

(d) Kabrasha la mzunguko litakapobeba kipindi, litabeba na swali moja ambalo mtu hawezi kulijibu bila kusikiliza. Swali la kwanza, lililotungwa na Bi. Okusako: "Dakika ya thelathini na moja, nani anafanya nini?" Asiyejibu asigonge muhuri. Yeye mwenyewe alichukua kabrasha papo hapo, akajibu, akagonga wake, wa kwanza, wino mwingi.

(e) Bw. Doi amkabidhi Bi. Katsutani nakala ya rekodi ghafi kabla ya Jumapili. Bw. Doi alisema ni leo hii, mgahawa umefungwa.

KUMB. NA. 7/11/2024: MENGINEYO

Bi. Okusako alisema kipindi cha pili atazungumzia harusi zilizofanyika mtaani kabla paa linalofunika mtaa halijajengwa, na kwamba zipo siri, wanaohusika wajiandae. Bw. Mukai alisema ataleta pweza kwa ajili ya Jumapili na hataki kusikia habari ya malipo. Bi. Katsutani alisema haiwezekani. Bw. Mukai alisema, "Shemeji, nimebaki na kipaza chake mwilini saa nzima nikalala nacho. Niachie na mimi nifanye kitu." Bi. Katsutani aliinama, akakubali.

Kikao kilipokuwa kinaelekea kufungwa, Katibu aliomba nafasi. Alisema kwamba katika miaka kumi na tisa ya ukatibu hajawahi kufungua kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa, na amewakatalia watu wengi, akiwemo mume wake. Alisema taarifa ya tarehe 21 Septemba, aliyoiandika kwa mkono wake na kuisoma leo bila haya, ina kosa moja, na kosa hilo amelifanya bila programu yoyote. Aliomba irekebishwe. Bw. Mukai aliunga mkono kabla hajamaliza. Hapakuwa na aliyepinga.

Sentensi iliyofutwa: "Bw. Katsutani alikuwepo, hakusema kitu."

Sentensi iliyowekwa: "Bw. Katsutani Shigeru aliitikia tangu mwanzo hadi mwisho, na mazungumzo yakaendelea."

Bi. Katsutani aliombwa agonge muhuri kando ya marekebisho. Alisema hakuja na wake. Alifungua mkoba, akatoa wa mumewe, akaugonga taratibu, ukakaa sawa.

KUMB. NA. 8/11/2024: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni. Wajumbe waliteremka ngazi pamoja, na rekodi ikiwa bado inacheza, kwa kuwa Bw. Doi alikuwa amebeba kompyuta ikiwa wazi na hakuna aliyemwambia aizime.

Mwenyekiti: Sumida Kōhei (muhuri)

Katibu: Hirotani Fusae (muhuri)